Mbwa wa Zizi: Kazi Yake na Adabu za Kupita Mbele Yake

Kiangazi kinapokaza kule juu, mifugo huteremka. Anayesafiri barabara ya Malindi kwenda Garsen huiona mwenyewe: ng'ombe, kondoo na mbuzi, wakifuata maji na majani kuelekea Delta ya Tana na vichaka vya Magarini. Mbele huwa kijana na fimbo yake begani. Nyuma, au pembeni chini ya kivuli, huwa mbwa. Wengi wetu humwona yule kijana tu. Mbwa tunamkumbuka akishaanza kubweka.

Leo nataka tumzungumze mbwa huyo, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba miji yetu inatanuka, na njia za mifugo sasa zinapita kando ya mashamba, shule na vituo vya bodaboda. Zamani mtu angeweza kuishi umri wake wote bila kukutana na mbwa wa mfugaji. Siku hizi mtoto wa madrasa anaweza kukutana naye njiani. Sababu ya pili ni kwamba sisi Waislamu wa Pwani tumelelewa kumwepuka mbwa, na kumwepuka si sawa na kumjua. Asiyemjua hufanya moja katika mambo mawili: hutimua mbio au huokota jiwe. Yote mawili humthibitishia mbwa kwamba aliyekuja ni adui.

Si jambo dogo. Miaka michache nyuma, katika kijiji kimoja cha upande wetu, vijana walimpiga mawe mbwa wa mfugaji mpita njia mpaka akafa. Kosa lake ni kuibwekea pikipiki. Usiku wa tatu fisi wakaingia zizini. Kulipokucha mfugaji akaja kudai mbwa wake na mbuzi wake; vijana nao wakadai mwenzao alikwaruzwa mguu. Wazee walikesha wakisuluhisha, na panga zilikuwa zimeshatoka majumbani. Sisi tunaokumbuka yaliyotokea Delta ya Tana mwaka 2012, pale ugomvi wa wakulima na wafugaji ulipoua zaidi ya watu mia moja, tunajua kwamba moto mkubwa huanza na cheche.

Mbwa wa kuswaga na mbwa wa kulinda

Watu huwachanganya mbwa wawili ambao kazi zao ni mbalimbali. Yuko mbwa wa kuswaga, kama wale wadogo wepesi wa Uskoti na Uingereza, ambaye hukimbia huku na huku akiwakusanya kondoo kwa kuwatisha kwa macho na kuwazunguka. Huyo hufuata amri ya bwana wake, kwa mluzi au kwa sauti. Kazi ikiisha, hurudi nyumbani.

Mbwa wa kulinda hafanani naye. Yeye haswagi. Hukaa ndani ya kundi, hulala nalo na hutembea nalo, na hajali sana kama bwana wake yupo au hayupo. Kondoo kwake ni jamaa zake. Akija mgeni, iwe mnyama au mtu, yeye husimama kati ya mgeni na kundi akabweka. Mgeni akiondoka, naye hurudi kulala. Ndiyo maana mpita njia humwona ni mbwa mvivu, amejinyoosha kivulini mchana kutwa, akadhani hana kazi. Kazi yake kubwa ni usiku, alfajiri na magharibi, saa ambazo wanyama wakali hutembea.

Aina mashuhuri za mbwa hawa zimetoka katika nchi za milima na malisho makavu, toka Ulaya hadi Asia. Uturuki wana Kangal, ambaye wafugaji humvika ukosi wa chuma wenye miiba ili mbwamwitu asimng'ate shingo. Italia wana Maremma mweupe. Kwenye milima ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Hispania, wana jibwa jeupe ambalo Wafaransa huliita patou. Hawa ni mbwa wakubwa. Wengi wana uzito wa kilo 40 hadi 60, yaani uzito wa mtu.

Hapa kwetu mbwa wa mfugaji ni mdogo, mwembamba, wa rangi ya mchanga. Hawezi kupigana na simba, wala hatarajiwi kufanya hivyo. Silaha yake ni sauti. Akisikia harufu ya fisi hubweka, wachunga huamka, mienge huwashwa, na fisi huona bora aende zake. Watafiti waliofanya kazi katika malisho ya jamii kule Laikipia na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007 waliona jambo hilo waziwazi. Mchana, hatari ya kushambuliwa ilikuwa ndogo zaidi kwa makundi madogo yaliyofuatana na mbwa pamoja na wachunga. Usiku, yaliyosalimika zaidi ni maboma yenye ua mzito na milango michache, yenye watu na mbwa ndani yake. Kwa hivyo mbwa peke yake hatoshi, lakini boma lisilo na mbwa limepungukiwa.

Vipi mbwa hukubali kuishi na mbuzi

Siri ni malezi. Mtoto wa mbwa akitimiza kama wiki nane huingizwa zizini akae na wana-kondoo au wana-mbuzi. Katika miezi yake ya mwanzo mbwa hujifunza nani ni jamaa yake, na anachojifunza wakati huo hakitoki tena. Akilelewa na watoto wa nyumbani atawapenda watoto wa nyumbani. Akilelewa na mbuzi atawapenda mbuzi.

Hili si jambo jipya. Charles Darwin, alipopita nchi ya Uruguay mwaka 1833, aliandika jinsi wafugaji wa huko walivyomtenga mtoto wa mbwa na mama yake, wakamnyonyesha kwa kondoo jike mara tatu au nne kwa siku, na wakamtandikia malazi ya sufi ndani ya zizi. Akikua, mbwa huyo hakutaka kuliacha kundi.

Katika miaka ya 1970, Raymond Coppinger na mkewe Lorna wa Chuo cha Hampshire, Marekani, walianza kuwagawia wafugaji wa huko mbwa wa namna hii. Walieleza kwamba mbwa mwema wa kulinda ana sifa tatu: hakai mbali na mifugo, haidhuru, na huilinda. Ukipungua mmoja, huyo si mlinzi tena.

Afrika pia ina mfano wake. Nchini Namibia, katika miaka ya 1980, wafugaji waliua duma kwa maelfu wakidai wanamaliza mifugo yao. Mwaka 1994 shirika la kuhifadhi duma lililoanzishwa na Laurie Marker karibu na mji wa Otjiwarongo likaanza kuwapa wafugaji watoto wa mbwa wa Kituruki. Duma ni mnyama mwoga, hapendi kujeruhiwa. Akisikia jibwa linanguruma, hutafuta swala. Wafugaji wengi waliopewa mbwa hao walisema hasara yao imepungua sana, na mfugaji asiyepata hasara hana haja ya kubeba bunduki. Mbwa mmoja akawa amewaokoa mbuzi na duma kwa pamoja.

Na huko Warrnambool, Australia, mwaka 2006 mbwa wa Maremma walianza kulinda pengwini wadogo katika kisiwa ambacho mbweha walikuwa wakivuka wakati maji yamekupwa na kuwamaliza. Mbwa akifundishwa kuwa kitu fulani ni amana yake, atakilinda hata kama ni ndege wa baharini.

Dini inasemaje

Najua kuna wanaosoma hapa huku nyuso zimekunjamana. Basi tuliweke sawa. Hadithi sahihi inayomtahadharisha mtu asifuge mbwa, kwamba thawabu zake hupungua kila siku, hiyohiyo imemtoa katika tahadhari mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwindia. Sura ya Al-Maida inahalalisha windo la mbwa aliyefunzwa. Na katika kisa cha vijana wa pangoni, Sura ya Al-Kahf, mbwa wao ametajwa pamoja nao, amejinyoosha mlangoni. Mfugaji Muislamu mwenye mbwa zizini hakufanya haramu, na asiitwe majina.

Ama twahara, sisi wengi wa Pwani ni Mashafii, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito. Mate yake au unyevu wake ukikugusa, pahala hapo huoshwa mara saba, mojawapo kwa mchanga. Lakini wanazuoni haohao wametufundisha kwamba kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Mbwa mkavu akipita akagusa kanzu yako kavu, kanzu haikuharibika na swala haikupotea. Nalitaja hili kwa sababu nimeona watu wazima wakirukaruka na kupiga mayowe, wakamtia mbwa wasiwasi, kwa kuogopa kitu ambacho fiqhi imeshakisahilisha. Na wale wenzetu wa madhehebu ya Maliki wana kauli nyepesi zaidi.

Juu ya yote, tunajua hadithi ya aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa. Kumpiga mawe mnyama aliye kazini hakuna kitabu kinachokuruhusu.

Adabu za kumpitia

Haya ndiyo niliyotaka msomaji aondoke nayo. Mengi hufundishwa katika milima ya Ufaransa, ambako mbwamwitu walirudi mwaka 1992 wakitokea Italia, wafugaji wakawarudisha mbwa wao, na watembeaji ikabidi wafunzwe upya namna ya kupita. Mengine nimeyasikia kwa wachunga wa hapahapa.

Kwanza, usipite katikati ya kundi. Hata kama njia ni ya serikali, zunguka. Ukiwapa mifugo nafasi pana, mara nyingi mbwa atakutazama tu usoni na kukuacha.

Pili, jitangaze mapema. Ukiliona kundi mbele, toa salamu kwa sauti ya kawaida, mwite mchunga. Mbwa akisikia sauti ya mtu kwa mbali hashtuki kama anapomwona mtu ametokea ghafla kwenye kona ya kichaka. Mchunga naye akiitikia salamu yako, mbwa husikia kwamba mmepatana.

Tatu, mbwa akija mbio anabweka, simama. Najua ni vigumu, miguu inataka kwenda. Lakini mbio zako ndizo zinazomwita. Anakuja kukuchunguza. Teremsha mikono, usimkazie macho, geuza mwili upande kidogo, na usubiri. Sema naye kwa upole, kwa lugha yoyote. Akitulia, ondoka polepole, ukirudi ulikotoka au ukizunguka mbali na kundi, bila kumpa mgongo kwa haraka.

Nne, usiinue fimbo, usiokote jiwe, wala usijifanye unaokota. Mbwa wa hapa wanaijua ishara hiyo tangu utoto, na kwa mlinzi ni tangazo la vita.

Tano, ewe wa bodaboda au baiskeli: punguza mwendo mapema, na mbwa akikukabili, zima, shuka, usukume chombo kikae kati yako na yeye. Gurudumu linalozunguka kwa kasi ndilo linalomtia wazimu. Abiria asirushe miguu. Wenye magari msipige honi katikati ya kundi. Subirini, dakika tano hazimfukuzi mtu kazini.

Sita, usimpapase, usimpe chakula, usimwite. Mbwa wa zizi si wa kuchezewa, na watoto wake pia. Mtoto wa mbwa akizoea mandazi ya wapita njia ataacha mbuzi afuate watu, na mfugaji atakuwa amepoteza mlinzi. Ukimkuta peke yake porini usidhani amepotea. Huenda kundi liko nyuma ya kichaka.

Saba, usimguse mwana-mbuzi wala usimbebe kwa ajili ya picha. Sauti ya mwana-mbuzi anayelia ni amri kwa mbwa.

Nane, ukiwa na mbwa wako, mfunge kamba na umpitishe mbali. Kwa mbwa wa zizi, mbwa mgeni na fisi ni kitu kimoja.

Tisa, tukumbuke saa. Nimesema mbwa huyu huamka magharibi na alfajiri, na hizo ndizo saa za watu wetu kwenda msikitini na watoto kutoka madrasa. Mifugo ikiwa imepiga kambi karibu na kijiji, watoto watembee pamoja na mtu mzima, mwenye tochi inayomulika ardhini, si machoni mwa mbwa.

Kumi, ikiwa yote yameshindikana na mbwa amekurukia, mpe kitu ang'ate: mfuko, kikapu, shuka. Ukianguka, jikunje kama mtoto tumboni, mikono ifunike shingo na masikio, unyamaze. Wengi huacha mtu akiacha kupapatika.

Akikuuma

Hapa hapana mzaha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio wanaoleta hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu, na kwamba 4 katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa mtu akiwahi.

Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Ziheshimu dakika hizo, maana ndizo dawa ya kwanza. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala kahawa, wala usilifunge kwa kukaza. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukadungwe chanjo, na dispensari ikikwambia imeisha, usirudi nyumbani. Nenda hospitali nyingine. Sindano ni kadhaa, kwa siku zilizopangwa, na zote zitimizwe hata kama kidonda kimepona. Dalili zaweza kuchukua miezi miwili au mitatu kutokea, na wengi hudanganyika na kimya hicho. Hata mkwaruzo mdogo au kulambwa kwenye jeraha ni sababu ya kwenda.

Mjulishe pia mwenye mbwa na afisa wa mifugo. Msimuue mbwa kwa hasira: akiwa hai, anaweza kutengwa na kuangaliwa kwa siku kumi, na hali yake humsaidia daktari kuamua.

Wajibu wa mwenye mbwa

Adabu ni za pande mbili. Mfugaji, mbwa wako achanjwe kila mwaka. Wataalamu wanasema wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mpe dawa ya minyoo na usimlishe matumbo mabichi ya mnyama aliyechinjwa, kwa maana huko ndiko hupata tegu waletao vifuko vya maji kwenye ini na mapafu ya watu, maradhi yaliyowatesa sana ndugu zetu wa Turkana. Mshibishe, kwa sababu mbwa mwenye njaa huacha zizi akafuata kuku wa watu. Mvishe ukosi wa rangi ili ajulikane si koko. Na ukifika karibu na kijiji, nenda kwa mzee wa mtaa useme: tuko hapa, mifugo ni kadha, mbwa ni wawili. Maneno hayo hayagharimu shilingi.

Nasi wenyeji tunalo letu. Maimamu na walimu wa madrasa wanaweza kuwafundisha watoto adabu hizi kwa nusu saa tu, pamoja na hukumu za twahara, ili mtoto ajue najisi ni nini na ukatili ni nini. Wenyeviti wa bodaboda wanaweza kuwaonya vijana wao. Kaunti zinapopeleka chanjo ya mbwa zisiishie mjini, zifike na kambini.

Mbwa wa zizi hakutuchagua sisi kuwa maadui. Amekabidhiwa amana na anaichunga, usiku na mchana, kwa ujira wa makombo. Anachotaka kwako ni umbali kidogo na mwendo wa taratibu. Hilo tukiweza kumpa mbwa, huenda na bwana wake tukaelewana naye vizuri zaidi, inshaallah.